Ramadhani, Siku ya 18: Funga Kumi na Moja za Mwalimu Mwenzetu



Ndugu zangu waumini, wa hapa Galula na mlioko Mkwajuni, Mbalizi na Tunduma mnaotufuatilia kwenye simu, darasa la leo ni jibu la swali nililoulizwa mara tatu wiki hii, na kila mwulizaji alikuwa kijana wa mazoezi ya jioni: "Mwalimu, zile funga za marehemu zinakuwaje?"

Wengi mnamjua ninayemsema. Watoto walimwita Sensei, kina mama wakamwita mwalimu wa ngumi, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Mimi na yeye tumefundisha karate pamoja miaka tisa. Mwezi wa Rajabu alipata ajali ya pikipiki barabara ya Mbalizi, akafariki siku hiyohiyo. Allah amrehemu. Hii ni Ramadhani ya kwanza tunafuturu bila yeye.

Baada ya mazishi kaka yake alinipa daftari la mahudhurio ya wanafunzi, akaniambia wewe ndiye utakayelielewa. Majina, tarehe, nani kalipa ada, nani hajalipa. Ukurasa wa mwisho kabisa kuna vistari kumi na vinne vya kalamu, vitatu vimekatwa. Juu yake kaandika neno moja: "Ramadhani." Mwaka jana malaria ilimlaza, akala siku kumi na nne. Akapona, akarudi uwanjani, akawa analipa Alhamisi mojamoja. Alipofariki alikuwa kalipa tatu. Zimebaki kumi na moja.

Sasa tulitazame jambo lenyewe, maana nyumba nyingi lipo na watu wanalinyamazia.

Mgonjwa aliyekula Ramadhani, ugonjwa ukaendelea mpaka ukamuua, huyo hadaiwi kitu. Hakupata nafasi ya kulipa, na Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Wazazi wetu wengi wako hapa, kwa hiyo msijitie majonzi ya bure. Lakini aliyepona, akapata siku za afya za kutosha kulipa, kisha akafa kabla hajamaliza, deni lake lipo. Simsemi vibaya ndugu yangu; muda wa kulipa ulikuwa bado mpana na alikuwa njiani analipa. Ila mauti hayakumngoja amalize vistari.

Nani alipe? Katika Bukhari na Muslim kuna hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, maana yake ni kwamba anayekufa na funga juu yake, walii wake atamfungia. Na iko ya Ibn Abbas: mtu alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mama yake aliyekufa akidaiwa funga ya mwezi. Mtume akamrudishia swali: lau mama yako angekuwa na deni la watu, ungemlipia? Akasema ndiyo. Basi deni la Allah lina haki zaidi ya kulipwa.

Maulamaa hawakukubaliana wote. Hanafi na Maliki wanasema mtu hamfungii mtu. Imam Ahmad aliona kumfungia maiti ni kwa funga ya nadhiri tu, ya Ramadhani analishiwa. Kwetu sisi Mashafi kauli ni mbili: ya zamani ya Imam Shafi kwamba walii anaweza kumfungia, na ya baadaye kwamba atolewe chakula, kibaba kimoja kwa kila siku, kutoka katika mali yake. Imam Nawawi, ambaye ndiye tegemeo letu kubwa, aliipa nguvu ile ya kufunga kwa sababu hadithi zake ni sahihi. Kwa hiyo anayefunga ana msingi na anayelisha ana msingi. Tusianze kugombana kibarazani mbele ya tende.

Tukilisha, kibaba cha mchele tunachukua robo tatu ya kilo kwa tahadhari. Siku kumi na moja ni kilo nane na robo. Ni kitu kidogo sana, na familia ingetoa kesho. Lakini vijana wamesema wanataka kufunga, na hapo ndipo panapotaka elimu, maana walii ni ndugu wa damu na wao si ndugu zake. Wala mimi si ndugu yake, ingawa watu wamezoea kutuita mapacha.

Fiqhi yetu inasema mtu baki anaweza kumfungia maiti ikiwa walii amempa ruhusa. Bila ruhusa haitoshi, hata uwe rafiki wa namna gani. Basi Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa kaka yake baada ya swala nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza wako wangapi. Nikamwambia waliokwisha baleghe, wenye afya na wanaotaka wenyewe ni kumi na mmoja. Akasema, "Mmoja wenu apumzike, basi. Nami nifunge moja." Ruhusa tumeipata.

Swali lililofuata: lazima siku kumi na moja mfululizo? Hapana. Bukhari ametaja kauli ya al-Hasan al-Basri kwamba maiti akifungiwa na watu thelathini siku moja, kila mtu moja, inatosha. Yaani watu kumi na mmoja, Alhamisi moja, deni limekwisha. Mimi nikiisoma kauli hiyo namwona yeye angecheka, kwa sababu mazoezi yote aliyapanga hivyo: kazi igawanywe, kila mmoja abebe chake, mstari umalize pamoja.

Mtaniruhusu hapa niseme kidogo juu ya karate, maana wapo waumini mpaka leo wanaona haikuwa na nafasi karibu na msikiti. Mtindo wetu ni Goju. Aliyeuasisi ni Miyagi Chojun wa Okinawa, aliyefariki mwaka 1953. Mwanafunzi wake Miyazato Eiichi hakuacha mazoezi yafe na mwalimu. Mwaka 1957 alifungua nyumba ya mazoezi mjini Naha akaiita Jundokan, jina lenye maana ya mahali pa kufuata njia ya aliyetangulia. Hapa kwetu Tanzania mtindo huo uliletwa na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyeanza kufundisha Dar es Salaam mwaka 1973. Mkono kwa mkono umefika mpaka bonde la Rukwa. Marehemu alikuwa akiwaambia watoto kwamba hii nayo ina sanad yake, kama hadithi: fulani kachukua kwa fulani. Lakini alikuwa mwepesi kuongeza kwamba ya hadithi inakupeleka peponi, hii inakupeleka nyumbani salama.

Lile la kuinamia picha ya mwasisi ukutani alilifuta tangu siku ya kwanza. Mazoezi yalifunguliwa kwa salamu na kufungwa kwa dua. Na alikuwa na kanuni mbili ambazo wageni walidhani kazitunga yeye, kumbe kazichukua kwenye Sunna. Ya kwanza, hakuna kupiga uso. Mtume alikataza kupiga uso mtu anapopigana, iko katika Bukhari na Muslim. Ya pili, aliyekasirika anatoka nje ya mstari, anakaa chini, mpaka hasira ishuke. Hadithi ya mwenye nguvu kuwa si yule anayebwaga watu bali anayejizuia anapoghadhibika, sisi tunaitoa kwenye minbari. Yeye aliitumia saa kumi na moja jioni juani, kijana kapigwa mbavu na macho yamewiva. Niliwaona wanakaa. Wanatetemeka lakini wanakaa.

Mieleka nayo ilikuwepo wakati wa Mtume. Kuna kisa cha Rukana, bingwa wa mieleka, kwamba Mtume alimbwaga. Kimepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, ingawa Tirmidhi mwenyewe hakuridhika na sanad yake, kwa hiyo tusikitie chumvi. Kilicho sahihi bila shaka ni Wahabeshi kucheza na mikuki yao msikitini siku ya Idd na Mtume anaangalia. Hiyo inatosha kwa anayetaka dalili.

Turudi kwenye madeni. Daftari lina ukurasa mwingine: fundi cherehani wa Mkwajuni anadai shilingi 85,000 za nguo za mazoezi. Hili ni zito kuliko funga, jamani, maana ni haki ya mja. Mnakijua kisa cha maiti aliyeletwa aswaliwe akiwa na deni la dinari chache, Mtume akasita kumswalia mpaka Abu Qatada aliposema mimi nalibeba. Na hakuacha hapo. Alimfuatilia Abu Qatada kama kweli amelipa, na alipolipa ndipo akasema sasa ngozi yake imepoa. Abu Qatada hakutakiwa kuwa ndugu. Deni la fedha akilipa yeyote, limelipika.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonigusa. Wanafunzi wake wanne ni Wakristo, watoto wa majirani zetu. Walikuja makaburini na wazazi wao, wakasimama pembeni kwa adabu. Juzi mmoja alinifuata: sisi hatufungi, tufanye nini kwa ajili ya Sensei? Nikamwonyesha ukurasa wa fundi. Jana baba yake alikuja na shilingi 30,000 mkononi, hakukaa hata kunywa maji, akasema hizi za nguo. Limebaki 55,000.

Kwa mjane wake na watoto, mfano wetu uko nyumbani kwa Mtume mwenyewe. Bibi Khadija alipokwisha kufariki, miaka baadaye alikuwa akichinja kondoo anawapelekea marafiki za Khadija, mpaka Bibi Aisha akaona wivu kwa mtu aliyekwisha kufa. Hakuishia kumtaja kwa mdomo; nyama ilitoka ikafika mlangoni. Sisi tunaandika "tutamkumbuka daima" kwenye simu halafu mlango wa mjane haugongwi tangu hitima. Futari ya nyumba ile kumi hili imepangwa, lakini kumi la mwisho bado siku nne hazina mtu.

Utaratibu ni huu. Funga itakuwa Alhamisi ya kwanza baada ya siku ya Idd, inshaallah. Nia iwekwe usiku, kabla ya alfajiri, na iwe kwa ajili yake: nafunga kesho kumlipia fulani bin fulani, kadhaa ya Ramadhani. Usiichanganye na sita za Shawwal. Zile ni zako, hii ni yake. Mwenye deni lake mwenyewe la Ramadhani za nyuma aanze na lake, jina lake tutalibadilisha. Tutafuturu pamoja uwanjani, na mchele kilo nane na robo utatoka vilevile, kwa ajili ya wanaoshika kauli ya pili.

Anayeweza kuchukua moja ya siku zile nne za futari, au chochote katika ile 55,000, anione leo baada ya tarawehe mlango wa upande wa kisima. Daftari ninalo.