Lasanya ya Mboga: Tabaka kwa Tabaka, Damu Mwilini

Kijana mwenzetu, hebu tuulizane ukweli. Asubuhi umekwenda skuli na chai ya rangi na andazi moja. Mapumziko umekula urojo. Ikifika saa sita kichwa kinazunguka, macho mazito, na mwalimu anakuona mvivu. Je, ni uvivu kweli? Huenda ni upungufu wa damu.

Damu inataka nini?
Mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha bila madini ya chuma. Msichana anayepata hedhi hupoteza madini hayo kila mwezi, kwa hiyo anahitaji zaidi kuliko mvulana. Minyoo, malaria na kichocho navyo hupunguza damu.

Mchicha na kunde vina chuma, lakini chuma cha mboga hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama au samaki. Vitamini C, iliyomo kwenye ndimu, machungwa na mapera, hukifungulia mlango. Chai na kahawa huufunga. Basi ukila mboga halafu ukashushia chai, umejipunguzia mwenyewe.

Tupike
Lasanya ni chakula cha Waitaliano: tabaka la unga, tabaka la mchuzi, kisha huokwa. Huna oveni? Usijali. Hapa Amani tutatumia manda za sambusa, tui badala ya maziwa, na makaa juu na chini, kama bibi anavyopalia mkate wa mchele.

Kwa watu 6:
- Manda 12, au chapati nyembamba 4
- Kunde kikombe 1, zilizorowekwa usiku kucha
- Mchicha mafungu 3
- Tungule 6, karoti 2, biringani 1, kitunguu 1, thomu chembe 3
- Tui zito vikombe 2 na unga wa ngano vijiko 3
- Mafuta vijiko 2, chumvi kidogo, ndimu 2

1. Chemsha kunde mpaka ziive, uzichuje.
2. Kaanga kitunguu na thomu. Tia tungule, karoti na biringani vilivyokatwa vidogo. Vikilainika, changanya na kunde. Mchuzi uwe na majimaji, kwani manda zitayanywa.
3. Osha mchicha, uukate, uutie mwisho kwa dakika 3 tu. Ukiupika sana, vitamini C inapotea.
4. Koroga unga na tui baridi mpaka mabonge yaishe. Weka motoni, endelea kukoroga mpaka liwe zito.
5. Paka mafuta sufuria pana. Panga manda, mchuzi wa mboga, tui. Rudia mpaka viishe. Juu kabisa liwe tui.
6. Funika kwa mfuniko wa bati. Makaa machache chini, mengi juu, dakika 25 hivi. Pikia nje au penye hewa: moshi na hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.
7. Acha ipoe dakika 10 ndipo ukate, isije ikamwagika. Kamulia ndimu kwenye sahani, si motoni. Chai isubiri angalau saa moja.

Na nyinyi wavulana, msikae barazani mkingoja sahani. Kukatakata karoti hakumpunguzii mtu uanaume!

Usijidanganye
Chakula hiki ni kinga, si dawa. Ukichoka kila siku, ukahema kwa kupanda ngazi chache tu, au hedhi ikawa nyingi mno, mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kwa msichana wa miaka 12 na zaidi asiye mjamzito, kipimo cha damu chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa upungufu. Usinunue vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha.

Jipime
1. Kwa nini ndimu hukamuliwa mwisho?
2. Nani nyumbani kwenu hunywa chai pamoja na chakula? Utamwambiaje bila kumvunjia heshima?