Jina la Biashara Limesajiliwa, Je, Alama Inalindwa?

Mfanyabiashara mdogo anapopata cheti cha usajili wa jina la biashara, aghalabu hukitundika ukutani akiamini kwamba jina lile sasa ni mali yake peke yake. Imani hiyo si sahihi. Cheti hicho humtambulisha mwenye biashara. Hakimpi haki ya pekee juu ya alama anayoibandika kwenye bidhaa.

Chukulia mfano wa kikundi cha akina mama kinachofungasha asali. Kimesajili jina la biashara, kina leseni, na wateja wanaitambua asali yake kwa picha ya nyuki na neno ambalo kikundi kimelibuni chenyewe. Siku moja sokoni inaingia asali iliyochanganywa na maji ya sukari, katika chupa zenye picha na neno lile lile. Wateja wanalalamika, na lawama zinakiangukia kikundi. Kwa kuwa alama haikusajiliwa, kikundi kitalazimika kuthibitisha mahakamani, kwa mashahidi na nyaraka, kwamba sifa ya alama ile ni jasho lake. Hiyo ni njia ndefu na ya gharama.

Kila haki na mlango wake

*Alama ya biashara* ni neno, picha au muunganiko wake unaotofautisha bidhaa moja na nyingine. Husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

*Hataza* hulinda uvumbuzi, kwa mfano mashine mpya ya kukamua alizeti. Nayo hutolewa na BRELA, iwapo uvumbuzi ni mpya, una hatua ya kibunifu na unaweza kutumika viwandani. Mvumbuzi anashauriwa kuwasilisha ombi kabla ya kukionesha kifaa chake katika maonesho kama Nanenane, kwani kilichokwisha kuwekwa hadharani kinaweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena.

*Hakimiliki* hulinda kazi za sanaa na maandishi, ikiwemo michoro, na husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

*Siri ya biashara*, kama vile vipimo vya achari au sabuni, haihitaji cheti. Hulindwa kwa kutunzwa, na kwa mikataba ya maandishi na wanaoifahamu.

Hatua za kusajili alama

1. Chagua alama ya kipekee. Maneno "Asali Safi" yanaeleza bidhaa tu, na kila muuza asali ana haki ya kuyatumia. Hivyo ni vigumu kuyasajili. Neno la kubuni lina nguvu zaidi.

2. Fanya utafutaji BRELA ili kujua kama alama inayofanana imekwisha kusajiliwa. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha maelfu ya lebo.

3. Tambua daraja la bidhaa. Yapo madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Asali imo daraja la 30, sabuni daraja la 3 na nguo daraja la 25.

4. Wasilisha ombi kwa mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao. Ombi likikubaliwa, alama hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kuliwasilisha.

5. Tunza cheti na uandike tarehe ya kuhuisha.

Ikumbukwe kwamba usajili wa BRELA unahusu Tanzania Bara. Anayeuza Zanzibar hana budi kusajili huko pia. Aidha, kikundi kiwasilishe ombi kwa jina la kikundi, si la mwanachama mmoja, ili mwanachama huyo akiondoka asiondoke na alama.

Wakazi wanaohitaji maelekezo wafike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, wakiwa na sampuli ya lebo na cheti cha jina la biashara. Vikundi vinaweza pia kuanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Alama ya biashara nayo ni mali, na daftari lake ni la Msajili.