Somo la Nne: Kuchagua Mahali pa Kuchukulia Gari la Kukodi

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kulinganisha gharama kamili ya kuchukua gari uwanjani, mjini au njiani. Kutambua hatari za kila mahali. Na kukagua gari pamoja na nyaraka zake kabla ya kupokea ufunguo. Mifano imechukuliwa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, lakini kanuni zake zinafaa popote nchini.

Utangulizi

Mtu anayekodi gari huuliza kwanza, "Kwa siku ni shilingi ngapi?" Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Gari lile lile, kwa siku zile zile, laweza kumgharimu msafiri mmoja zaidi ya mwenzake kwa sababu tu ya mahali alipolipokea na saa aliyolipokea. Nauli ya teksi, malazi ya usiku usiotarajiwa, ada ya kuletewa gari na siku iliyohesabiwa nzima kwa saa chache za ziada havionekani katika bei ya tangazo. Vyote, hata hivyo, hutoka katika mfuko mmoja. Wahenga walisema rahisi ghali. Mahali pa kuchukulia gari ni sehemu ya bei, na ni sehemu ya usalama pia.

Milango ya kuingilia Mwanza

Msafiri huingia Mwanza kwa milango kadhaa, na milango hiyo haiko karibu. Uwanja wa ndege uko Wilaya ya Ilemela, kiasi cha kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya jiji. Stendi ya Nyegezi iko kusini, kwenye barabara ya Shinyanga. Stendi ya Nyamhongolo iko mashariki, kwenye barabara ya Musoma. Abiria wa meli kutoka Bukoba hushukia bandarini, mjini kabisa, baada ya safari ya usiku.

Kabla ya kuuliza bei, jibu maswali mawili: utaingilia wapi, na safari yako ya kwanza kwa gari hilo inaelekea wapi? Anayekwenda Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ndabaka ataifuata barabara ya Musoma. Anayekwenda Sengerema au Geita atatoka kusini hadi njiapanda ya Usagara, Wilaya ya Misungwi, kisha atakunja kuelekea Kigongo na kuvuka kwenda Busisi. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi, safari hiyo haisubiri tena kivuko cha Kigongo. Kutoka Usagara iko pia barabara ya mchepuko inayofika Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, bila kupita katikati ya jiji. Kwa hiyo mtu aliyefika Nyegezi kwa basi, akielekea Geita, hana sababu ya kurudi mjini kufuata gari ikiwa mwenye gari yuko tayari kumletea stendi kwa ada ndogo.

Mfano wa hesabu

Bei zifuatazo ni za kufundishia tu. Mama mmoja anatoka Dar es Salaam kwenda msibani Sengerema. Ndege yake inatua Mwanza Jumapili saa tisa alasiri. Maziko ni Jumatatu saa nne asubuhi. Atarudi kwa ndege ya Jumatano alasiri. Amepata bei mbili.

Kampuni ya kwanza inaleta gari uwanjani kwa shilingi 140,000 kwa siku, pamoja na ada ya kuletewa shilingi 20,000. Ya pili ina ofisi mjini. Bei yake ni shilingi 120,000 kwa siku, lakini ofisi hufungwa Jumapili na hufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi.

Kwa bei ya siku peke yake, kampuni ya pili inaokoa shilingi 20,000 kila siku. Sasa tuhesabu kikamilifu.

Gari la uwanjani: kutoka Jumapili saa tisa hadi Jumatano saa saba mchana hazijatimia siku 3. Siku 3 kwa shilingi 140,000 ni 420,000. Ukiongeza ada ya 20,000, jumla ni shilingi 440,000.

Gari la mjini: kutoka Jumatatu saa mbili asubuhi hadi Jumatano saa sita mchana ni siku 2 na saa 4. Mkataba unahesabu siku kwa saa 24, na saa zinazozidi huhesabiwa siku nzima; kwa hiyo atalipa siku 3, yaani shilingi 360,000. Teksi kutoka uwanjani hadi mjini ni 25,000, na kurudi uwanjani ni 25,000 nyingine. Malazi ya Jumapili ni 40,000. Jumla ni shilingi 450,000.

Gari lililoonekana rahisi limezidi kwa shilingi 10,000. Zaidi ya hayo, mama huyu angelala mjini ilhali ndugu zake wamekesha, na kesho yake angeendesha kwa pupa akiyawahi maziko. Hasara hiyo haiandikwi katika ankara yoyote.

Hesabu hiyo hiyo yaweza kugeuka. Chukulia msafiri anayempeleka mgonjwa Hospitali ya Bugando kwa siku mbili, kisha siku ya tatu wanakwenda Magu. Bugando iko mjini. Kwa siku mbili za kwanza gari lingelala kwenye maegesho huku siku zikihesabiwa. Afadhali atumie teksi, achukue gari mjini asubuhi ya siku ya tatu. Kwa hiyo hakuna mahali palipo bora kwa wote. Pako panapofaa safari yako.

Kuchukua gari njiani

Baadhi ya wenye magari hukubali kukutana na mteja njiapanda, kwa mfano Usagara, au kwenye kituo cha mafuta. Mpango huo waweza kuokoa muda, lakini una masharti. Makutano yawe mchana. Pawe mahali penye watu na nafasi ya kulizunguka gari pasipo kusukumwa na magari mengine. Mkataba uletwe ukiwa umejazwa, nawe uwe umeusoma mapema kwa simu. Usikubali kupokea gari kando ya barabara gizani kwa mwanga wa simu: mkwaruzo usiouona jioni utaonyeshwa kwako siku ya kurudisha, na utaulipia.

Jihadhari vilevile na safari ya usiku mara baada ya kufika. Barabara za kandokando ya ziwa zina waenda kwa miguu, baiskeli na mifugo inayorejea nyumbani. Ndege au basi likichelewa hadi giza kuingia, shilingi za malazi ya usiku mmoja ni matumizi ya busara.

Malipo ya awali

Ulaghai mwingi hutokea kabla gari halijaonekana. Mtu hutuma picha ya gari zuri, huomba "ya kushikia", kisha simu yake haipatikani tena. Uliza jina kamili la biashara na mahali ilipo ofisi, na mtume ndugu au rafiki aliye Mwanza akapaone. Lipa kwa Lipa Namba au akaunti yenye jina la biashara hiyo. Ukielekezwa kwenye namba ya mtu binafsi yenye jina tofauti, simama kwanza. Taka maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi, yanayotaja tarehe, saa, mahali pa kupokelea, aina ya gari na masharti ya kurudishiwa fedha. Ukikamilisha malipo, dai risiti ya EFD.

Usiache kitambulisho halisi cha Taifa wala pasipoti kuwa dhamana. Nakala inatosha. Ikiwa kuna amana ya fedha, kiasi chake na siku ya kurejeshwa viandikwe ndani ya mkataba.

Nyaraka na bima

Kwa namba ya usajili wa gari unaweza kuhakiki bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuangalia madeni ya faini za barabarani katika mfumo wa Jeshi la Polisi. Fanya hivyo kabla ya kuondoka. Deni la aliyekutangulia laweza kukusimamisha barabarani ukiwa na wazee garini.

Uliza ikiwa bima ni kubwa au ni ya mtu wa tatu. Bima ya mtu wa tatu hulipa madhara uliyomfanyia mwingine. Gari lenyewe hailigusi. Uliza pia ikiwa bima imekatwa kwa matumizi ya kukodisha. Iliyokatwa kwa matumizi binafsi yaweza kukataliwa siku ya ajali, nawe ukaachiwa mzigo.

Mwisho, uliza gari linaruhusiwa kufika wapi. Kwenda Ukerewe kwa njia ya Kisorya na Rugezi kunahitaji kivuko. Kuvuka mpaka wa Sirari au Mutukula kunahitaji idhini ya mwenye gari na bima inayotambulika ng'ambo. Ruhusa ya mdomo si ruhusa.

Ukaguzi kabla ya kupokea ufunguo

1. Zunguka gari lote mchana, ukipiga picha au video. Usisahau paa, vioo, bampa na mambo ya ndani.
2. Piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na kiwango cha mafuta.
3. Kagua matairi yote, pamoja na la akiba, jeki na spana.
4. Jaribu breki, taa, honi, waipa na mikanda ya viti vyote.
5. Hakikisha kuna mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari.
6. Kila kasoro iandikwe kwenye fomu na isainiwe na pande zote mbili. Baki na nakala.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi hii ndiyo daftari lako, na siku ya kurudisha gari rudia hatua ya kwanza na ya pili mbele ya anayelipokea.

Ukitokea mgogoro

Anza kwa kumwandikia mwenye biashara, ukiambatisha mkataba, risiti na picha. Asipokusikiliza, lalamiko la kupotoshwa kuhusu bei au huduma lipeleke Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mtumiaji. Lalamiko la bima lipeleke TIRA. Ukitapeliwa fedha, toa taarifa Polisi na kwa kampuni ya simu bila kuchelewa.

Zoezi la kujipima

Msafiri anatoka Tabora kwa basi na kushukia Nyegezi saa kumi na mbili jioni. Kesho yake anakwenda Geita, na atarudi Nyegezi baada ya siku mbili kupanda basi la asubuhi. Kwa kutumia mfano wa hesabu, andika gharama zote atakazolipa akichukua gari mjini, kisha akiletewa Nyegezi asubuhi. Ni maswali gani matatu amwulize mwenye gari kabla ya kutuma fedha?