Vumbi la Plastiki Katika Matumbo ya Samaki wa Maji Matamu

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu wanaohudhuria darasa: hizi khabari zisemwazo, ya kuwa samaki wa maziwa na mito wanakula plastiki, ni za kweli au ni maneno ya barazani tu? Na ikiwa ni za kweli, samaki huyo hupatwa na nini? Swali hili ni jema, kwani ngege na omena leo huuzwa hata katika masoko yetu ya pwani, wala si kitoweo cha watu wa bara peke yao.

Kwanza yapasa tukijue kinachokusudiwa. Plastiki haiozi kama uozavyo mti au ngozi. Ikipigwa na jua, na kusuguliwa na maji na mchanga, hukauka ikapasuka, na kila kipande kikapasuka tena, hata kikawa kidogo kuliko chembe ya mchanga. Na bado ni plastiki ile ile. Vipande visivyofika milimita 5 wataalamu huviita mikroplastiki, nalo ni jina lililoenea tangu mwaka 2004, alipoandika juu yake Richard Thompson, mwalimu wa chuo kikuu cha Plymouth huko Uingereza. Sisi tutaviita vumbi la plastiki, ili kila mtu afahamu.

Wala usidhani, ewe msomaji, kuwa vumbi hili latokana na mifuko na chupa tu. Magurudumu ya magari hulimwaga barabarani, na mvua ikalisomba. Nyavu za nailoni hulitoa zikichakaa. Na nguo pia: mwaka 2016 ilipimwa huko huko Plymouth, ikaonekana kuwa kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa kwa mashine mara moja zaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Sisi ambao kanzu zetu na mabuibui yetu mengi leo ni ya poliesta, tusijitoe katika hesabu hii.

Ama maeneo ya majimaji, yaani vinamasi, mabwawa na delta za mito, hayo yana khabari ya peke yake. Maji ya mto yakiingia katika matete na mafunjo hupunguza mwendo. Na yakipunguza mwendo, yale yaliyoyachukua huyatua. Ndiyo sababu ardhi ya delta ya Tana ikawa na rutuba, na ndiyo sababu kwa umri wote watu wamelima mpunga pale. Mwaka 2012 delta hiyo iliandikwa katika daftari la Ramsar la maeneo ya majimaji yenye thamani kwa ulimwengu. Lakini kilichokuwa kikitua zamani kilikuwa tope tupu, na mto wa leo huchukua na vumbi la plastiki. Mto wa Nairobi nao humwaga katika Athi, na Athi ndiyo Galana, na Galana ndiyo Sabaki imwagayo kaskazini ya Malindi. Atupaye chupa mtoni Nairobi ametutupia sisi.

Na katika plastiki iko inayoelea. Hiyo ikikaa majini huvaa utelezi wa vijidudu na miani, ikawa nzito ikazama, na ikapata harufu ya chakula. Huku chini, baina ya mizizi ya matete, ndiko samaki wengi huja kutaga, na ndiko watoto wao hujificha wasiliwe na wakubwa. Basi pale vumbi linapotua ndipo penye wadogo kabisa, ambao kinywa chao ni kidogo na chakula chao ni vijidudu vya kadiri ile ile ya vumbi.

Tukija kwenye ushahidi wa Ziwa Viktoria: mwaka 2016 watafiti walichapisha khabari ya samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, sangara 20 na ngege 20. Waliwapasua matumbo, wakakuta vipande vya kushukiwa katika sangara 11 na ngege 7. Hawakutosheka na macho yao. Walivipima kwa chombo kitambuacho asili ya kitu kwa mwanga, na ndipo ikathibiti plastiki katika samaki mmoja kwa kila watano, sangara na ngege sawasawa. Huo ndio uaminifu: angetaka mtu kutisha watu, angeitangaza hesabu ya kwanza akanyamaza. Na ziwa ni moja. Sangara hajui mpaka wa Kenya na Tanzania.

Madhara yake ni haya. Tumbo hujaa kitu kisicho lishe, samaki akadhani ameshiba. Katika majaribio, utumbo wa samaki wadogo ulionekana kuvimba na kuchubuka. Tena plastiki hufyonza sumu zilizomo majini, kama pamba inyonyavyo mafuta. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio la miezi 2: samaki wadogo wa Kijapani walilishwa plastiki iliyolowekwa katika ghuba ya San Diego, na maini yao yakadhurika kuliko ya wale waliolishwa plastiki safi.

Lakini si kila khabari ipokewe. Mwaka huo huo wa 2016 jarida kubwa la Science lilichapisha utafiti kutoka Uswidi, uliodai kuwa vifaranga vya samaki huacha chakula chao wakaifuata plastiki. Magazeti yaliishangilia khabari hiyo. Wenzao wataalamu wakauliza: kazi hii mliifanya lini, na daftari za vipimo ziko wapi? Hazikuonekana, na mwaka 2017 makala yakaondolewa. Wanafunzi wa darasa letu, waliozoea kumpima mpokezi kabla ya kuikubali riwaya, hawataona ajabu. Na jingine la kuzingatiwa: katika majaribio mengi vumbi linalotiwa majini ni jingi kuliko lile la mitoni, basi usiyahamishe matokeo ya birika ukayaweka ziwani kama yalivyo.

Imebaki swali la mlaji. Vumbi hili aghalabu hukaa tumboni na utumboni, kwa hivyo sangara au ngege aliyetolewa matumbo na kuoshwa huwa ameondokewa na sehemu yake kubwa. Omena hana hukumu hiyo, kwani huliwa mzima na vyote vilivyomo ndani yake. Na aulizaye kama kuchemsha kwaondoa, jawabu ni la: maji huchemka kwa digrii 100, na plastiki ya mifuko haiyeyuki kwa joto hilo, licha ya kuteketea. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017. Marufuku hiyo haikugusa chupa, wala magurudumu, wala nguo zetu.