Jicho la Bandia: Kupunguza Mwasho na Matongotongo

Anayevaa jicho la bandia atarajie ute kidogo, hasa anapoamka. Kope hazilifuniki vyema siku zote, na machozi hayasambai sawasawa juu yake. Ute mchache, mweupe au usio na rangi, si ugonjwa. Ukiongezeka, tunashauri chanzo chake kitafutwe kabla ya kununua dawa yoyote.

Chanzo cha kawaida

Macho mengi ya bandia hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu. Kadiri siku zinavyopita, uso wake hupata mikwaruzo midogo, na protini za machozi huganda juu yake. Uso huo usio laini huikera ngozi ya ndani ya kope, nayo hutoa ute zaidi. Vumbi, moshi, mafua na mzio huzidisha hali hiyo. Kulitoa jicho mara kwa mara nako huchochea mwasho. Usilitoe kila siku isipokuwa umeelekezwa hivyo na mtaalamu.

Usafi

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa.
2. Futa ute kwa kitambaa safi chenye unyevu, jicho likiwa limefumbwa, ukielekea puani, ili lisigeuke wala kuchomoka.
3. Ukilitoa, lioshe kwa vidole na sabuni isiyo kali, kisha lisuuze vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tandika taulo chini, lisije likaanguka na kupata ufa.
4. Usitumie spiriti, dawa ya madoa wala maji yanayochemka; huiharibu akriliki.
5. Matone ya kulainisha hupunguza ukavu. Matone ya antibiotiki yatumike kwa cheti cha daktari tu.

Kabla ya kulipa

Uliza kama bei inajumuisha marekebisho na kung'arishwa, na udai risiti yenye tarehe. Jicho la bandia hung'arishwa na mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka, na kwa mtu mzima hubadilishwa baada ya miaka 5 hivi. La mtoto hukaguliwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa anakua.

Dalili za hatari

Ute wa manjano au kijani, damu, maumivu, uvimbe, harufu mbaya, au jicho lisilokaa mahali pake: mwone daktari wa macho bila kukawia. Jicho la pili nalo lipimwe kila mwaka na kukingwa kwa miwani, kwa kuwa ndilo pekee unaloonea.