Kebo za Rangi Kwenye Raki: Majibu kwa Wasomaji wa Tarime na Serengeti

*Kebo nyekundu ina kasi kuliko ya bluu?*

Haina. Kasi iko kwenye daraja lililochapwa juu ya ganda: Cat5e, Cat6, Cat6A. Soma hapo kabla ya kulipa.

*Kuna ubaya gani kupanga nyaya nane tunavyotaka, mradi ncha zote mbili zifanane? Kipimo cha taa kinawaka sawa.* (Sirari, Nyamwaga na Mugumu wameuliza jambo hilohilo.)

Ubaya ni mkubwa, na mafundi wanaofundishana hivi wanawatia watu hasara. Nyaya nane ni jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Kelele ya umeme inapoingia, inazipata nyaya zote mbili za jozi karibu sawasawa. Kifaa cha upande wa pili husoma tofauti kati yao, kwa hiyo kelele inajifuta. Sasa swichi inatumia pini 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Tazameni hiyo 3 na 6: imeziruka 4 na 5 za katikati. Ukipanga jozi baada ya jozi, pini ya 3 inapata waya wa jozi moja na ya 6 wa jozi nyingine. Taa zote zitawaka, kwa maana kipimo kinaangalia tu kama waya umefika. Kebo ya mita mbili itavumilia. Ya mita 40, kutoka ofisini hadi darasani, itapoteza data, na mtaishia kubadilisha kadi ya laini (ile kadi ya matundu inayochomekwa ndani ya swichi) isiyo na kosa.

Shikeni kichwa, kishikizo kikiwa chini na meno ya dhahabu yakiwa mbele, kisha pangeni kutoka kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huo ndio mpangilio wa T568B. Msifumue msokoto zaidi ya sentimita 1.3.

*Tulivuta kebo mbili hadi jengo la pili, nyekundu na njano, ili moja ikifa nyingine ibebe. Kadi ya laini ilipoungua, zote zilikatika.*

Mwalimu, zote mbili mlizichomeka kwenye kadi ileile. Moja iende kadi ya kwanza, nyingine ya pili. Na bandikeni jina kwenye kila ncha, leo, kabla aliyezifunga hajahamishwa.

*Faiba ya kichwa cha kijani inaingia kwenye tundu la bluu?*

Inaingia, ila msiiache humo. Kijani kimechongwa kwa mshazari wa nyuzi 8, bluu hakina mshazari huo. Mwanga unapotea na nyuso zinaweza kuharibika. Wala msichungulie ncha ya faiba: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.

*Tumeuziwa kebo ya shaba "isiyopigwa na radi".*

Mmeibiwa. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na kebo ya shaba iliyopita nje kati ya majengo inaweza kuuleta umeme huo hadi ndani ya swichi. Hapo vuteni faiba isiyo na chuma ndani yake, na raki ifungwe erthi.