JUMATANO: CHOMBO KIPYA

Soma 2 Wafalme 2:19–22. Mji wa Yeriko ulikuwa na kasoro gani? Elisha aliagiza aletewe nini?

Yeriko ulipendeza macho, lakini maji yake yalileta mauti. Mwanza nako ziwa hupendeza, ilhali Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kuingiza uchafu ziwani. Mwaka 2015, kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti kilifika hadi Mwanza. Vimelea vyake havionekani kwa macho. Maji maangavu si lazima yawe salama.

Bomba likikauka, na ndoo ikachotwa ziwani, familia ifanye nini? Maji yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Mkaa ukikosekana, itiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na yaachwe dakika 30. Hata dawa ikikosekana, maji yaliyochujwa yatiwe katika chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, ilazwe juani kwa muda wa saa 6; mawingu yakitanda, siku 2.

Mungu ndiye aliyeyaponya maji ya Yeriko, lakini chombo na chumvi vililetwa na wenyeji. Maji yaliyochemshwa yakirudishwa kwenye ndoo chafu, kazi imepotea. Chombo kioshwe, kifunikwe, wala mkono usitumbukizwe ndani.

Soma Mathayo 25:35. Jirani yenu mjane hana mkaa wa kuchemshia maji. Darasa lenu litamsaidiaje kabla ya Sabato ijayo?